UZI: Mnaoingia lab ya anatomia mwaka huu, yule aliyelala mezani ni mtu. Usalama na adabu, tuongee bila kufichana

Fundi wa Lab (mleta uzi)

Wakuu salaam. Kuna vijana wengi saizi wamepangiwa vyuo, udaktari, meno, fiziotherapia na kadhalika, na ndani ya wiki chache wataingizwa kwenye chumba cha kupasulia miili bila mtu yeyote kukaa nao chini akawaambia mle ndani kukoje. Mimi ni teknisheni, ndo napokea mwili, naupiga dawa, nautunza kwenye tanki, nautoa asubuhi nyie mkiwa bado kwenye daladala, na mwaka ukiisha ndo nakusanya kila kilichobaki kiende kuzikwa. Chuo sitaji, msiniulize.

Nataka kuongelea usalama na heshima, na naviweka pamoja makusudi maana kwa nilivyoona mle ndani ni kitu kimoja. Kundi linalofunika mwili vizuri wakimaliza ndo hilo hilo hesabu ya nyembe zao inakuwa kamili, na kundi linalocheka cheka na kupeana majina ya utani ndo utakuta wembe umeachwa ndani ya tumbo la mwili na mwenzao anaingiza mkono.

Kwanza mjue aliyelala pale ni nani. Nchi nyingi za Afrika miili inayosomewa bado ni ya watu waliofia hospitali au kuokotwa njiani na ndugu hawakutokea, kuna utafiti ulichapishwa 2018 ukipitia vyanzo vya miili dunia nzima na picha ndo hiyo. Wakati huo huo tangu 2012 shirikisho la kimataifa la vyama vya wanaanatomia lilishasema wazi kwamba mwili unatakiwa uwe umetolewa kwa hiari ya mwenyewe alipokuwa hai. Sasa sisi tuko mbali na hapo. Maana yake yule mzee kwenye meza namba tatu hakuna karatasi aliyosaini, hakuna aliyemfuata kitandani akamwomba, na hamna hata ndugu wa kuuliza anaendeleaje. Mtu kama huyo adabu anayostahili ni kubwa zaidi, kwasababu hana mtu mwingine wa kumsemea zaidi ya wale wanafunzi wanane waliomzunguka.

Alafu angalia vizuri kabla hujashika wembe. Utaona kovu la chanjo begani mkono wa kulia, lile lile ulilonalo wewe. Utaona nyayo zina magaga ya mtu aliyetembea peku shambani miaka na miaka. Kuna mama aliwahi kuletwa hina bado ipo kwenye kucha, nyekundu kabisa, dawa haikuitoa, na hina mtu hajipaki tu hivi hivi, kulikuwa na harusi au sikukuu, kulikuwa na mtu aliyemshika ule mkono akampaka taratibu. Nikiona kikundi kimesimama kimya kinaangalia kucha zile najua hicho kikundi sitakisumbukia mwaka mzima.

Naendelea, nakuja kwenye formalini.

Fundi wa Lab

Haya, formalini. Hii ndo inayoumiza watu kimya kimya kuliko wembe.

Formalini mnayoiona kwenye madumu ni gesi ya formaldihaidi iliyoyeyushwa kwenye maji, kwenye dumu inakuwa kama asilimia 37 hadi 40, ndo inachanganywa na maji, spiriti, gliserini na wakati mwingine fenoli, inasukumwa kupitia mshipa mkubwa wa paja au wa shingo mpaka mwili mzima unashiba. Tunaacha miezi kadhaa ndo nyama inakaza na wadudu wa magonjwa wengi wanakufa. Tatizo ile gesi haikai mle milele, inatoka kidogo kidogo kila unapofunua shuka, na inatoka zaidi kukiwa na joto. Dar mwezi wa pili saa nane mchana, bati linawaka, madirisha yamefungwa ili watu wa nje wasichungulie, nyie mko themanini mle ndani mmeinama. Fikirieni wenyewe.

Shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka formaldihaidi kwenye kundi la kwanza, yaani inasababisha saratani kwa binadamu, hiyo ilikuwa 2004, walianza na saratani ya nyuma ya pua baadae wakaongeza ya damu. Marekani sheria yao ya kazini inataka isizidi sehemu 0.75 kwa kila sehemu milioni moja za hewa kwa siku ya masaa nane, na isizidi sehemu 2 ndani ya dakika 15. Sisemi ukiingia mara moja utaumwa saratani, msitishane huko kwenye magrupu. Nasema anayekula hiyo hewa miaka ishirini ni mimi, ni walimu, ni mhudumu wa usafi, na nyie mnapata ya kutosha kuwasha macho, kukohoa, na wenye pumu kubanwa kifua.

Sasa kuna uongo mwingi unaozunguka. Ile barakoa ya bluu ya hospitali haizuii formalini, inazuia matone tu, gesi inapita kama haipo. Inayozuia ni ile yenye kichujio chake maalum cha formaldihaidi, ile ya kuvaa inabana uso mzima, na bei yake sio ya mwanafunzi, hiyo chuo ndo kinunue. Uongo wa pili, "nimeshaizoea". Hujaizoea, pua ndo imechoka kunusa, mapafu hayajachoka kuvuta. Wa tatu, feni la darini. Feni la darini linazungusha tu ile gesi inarudi usoni kwako, kinachotakiwa ni feni la kutoa hewa nje, na liwe linavuta kutokea chini usawa wa meza ili hewa chafu isipite puani kwanza. Kama chuo hakina, basi madirisha ya pande mbili yafunguliwe upepo upite, pazia lizuie macho ya watu.

Kitu kingine watu hawajui, ile dawa inatuama. Ukifungua kifua au tumbo kuna dimbwi humo ndani, na mwanafunzi mwenye bidii ndo anainama kabisa uso ndani atafute mshipa, anavuta ya kwake yote. Kwanza kausha lile dimbwi kwa sponji, ongeza taa, alafu ndo uangalie. Na usivae lensi za macho mle, vaa miwani. Ikikurukia jichoni ni maji mengi yanayotiririka dakika 15 mfululizo bila kukatisha, alafu hospitali.

mamaJunior

Asante sana kaka yangu, mwanangu anaanza mwezi ujao hata sijui nimnunulie nini, orodha waliyotumiwa imeandikwa "vifaa vya lab" basi.

Fundi wa Lab

@mamaJunior hongera sana mama. Labkoti mbili za mikono mirefu, moja iwe ya kupasulia tu na isirudi chumbani kwake wala isifuliwe na nguo za kulalia, aiweke kwenye mfuko wake peke yake. Viatu vilivyofunika mguu wote, soli ya kushika, maana mafuta ya mwili yakidondoka sakafuni kunateleza kuliko barazani siku ya mvua, na wembe ukidondoka unatua kwa ncha. Ndala na makubazi hapana. Glovu anunue za naitraili, zile za bluu au nyeusi, zile nyeupe za mpira formalini inapenya haraka, na abadilishe kila saa au akiona zimelowa kwa ndani. Miwani ya kinga ya pembeni imefunikwa. Nywele azifunge, kama anavaa hijabu mwambie avae fupi iliyobana au aiingize ndani ya koti, hijabu ndefu inaingia kwenye mwili inalowa anatembea nayo siku nzima.

Na ale asubuhi. Wengi wanaoanguka siku ya kwanza ni wale waliogopa kula wakidhani watatapika.

Kijana wa Chang'ombe

Mkuu mimi niko mwaka wa pili, nakubaliana na mengi ila kwenye picha naomba nitofautiane kidogo. Mwalimu anaonesha tawi la mshipa sekunde kumi tuko watu arobaini, nikipiga picha naenda kusoma usiku, mtihani wa kuzunguka mezani unakuja na vibendera vimechomekwa kwenye kiungo cha kutaja, dakika moja kila kituo. Sipigi sura, sipigi tatoo, napiga misuli tu. Kuna ubaya gani?

Fundi wa Lab

@Kijana wa Chang'ombe nimekuelewa mdogo wangu na umeuliza vizuri. Shida hauna uwezo wa kuilinda hiyo picha. Leo iko kwenye simu yako, kesho umeituma kwa rafiki wa kikundi, huyo simu yake inashikwa na mdogo wake wa darasa la sita, kesho kutwa iko kwenye status ya mtu wa Tandika mwenye maneno ya kufuru juu yake. Na misuli tu haina jina ni kweli, lakini kuna kovu la operesheni, kuna kidole kilichokatika, na ndugu wa mtu anajua kidole cha ndugu yake. Kumbuka wengi hawa ndugu zao hawajui kama wamekufa. Wewe ungependa kumpata baba yako aliyepotea kwa njia hiyo?

Na hata wakubwa wamechafuka hapa. 2018 habari ilitoka Marekani, picha ilipigwa kwenye mafunzo chuo kikuu cha Yale, watu wamesimama na vichwa vya marehemu kama wako pikiniki, na mmoja wao alikuwa profesa kabisa. Watu waliotoa miili yao kwa hiari walipoiona ile unafikiri wangapi walitaka kurudi nyuma.

Cha kufanya, idara zenyewe ndo zipige picha za kufundishia, kwa ruhusa, bila alama za mtu, zikae kwenye kompyuta ya maktaba ya idara mnasomea pale pale. Hilo dai kwa viongozi wenu wa darasa, ni haki yenu. Na chora! Nasema kweli, anayechora tawi la mshipa kwa mkono wake mara tatu hasahau, nimeona waliokuwa wanachora kwenye madaftari ya counter book saizi ni mabingwa wa upasuaji. Simu iachwe kwenye makabati nje, kwanza ukiishika na glovu umeshaipaka formalini na baadae unaiweka sikioni.

Mkenya wa Pwani

Salamu kutoka Mombasa. Uzi mzuri sana huu. Huku Kenya tuko na Sheria ya Anatomia, Sura ya 249, na hospitali kubwa hutangaza kwa magazeti majina ya miili ambayo haijachukuliwa kabla ya kufanya lolote. Lakini swali langu ni moja, mbona siku zote ni maskini? Sijawahi kusikia mheshimiwa akiwa kwa ile meza.

Fundi wa Lab

@Mkenya wa Pwani karibu sana ndugu yangu. Hilo swali lina historia na sheria zetu za ukanda huu zimetokea huko huko.

Uingereza tangu 1752 sheria ilikuwa muuaji akinyongwa mwili wake unapelekwa kupasuliwa, ilikuwa sehemu ya adhabu, kumwongezea aibu. Vyuo vikaongezeka, waliokuwa wananyongwa hawatoshi, watu wakaanza kufukua makaburi usiku na kuuza. Edinburgh 1828 wawili, William Burke na William Hare, wakaona kufukua ni kazi, wakaanza kuua, watu 16, wanamuuzia daktari Robert Knox aliyekuwa anafundisha anatomia. Na waliouawa walikuwa kina nani? Wapangaji wa bei rahisi, wazururaji, kijana mmoja wa mtaani ambaye wanafunzi walimtambua alipoletwa mezani. Burke alinyongwa Januari 1829 na yeye mwenyewe akapasuliwa, mifupa yake ipo mpaka leo kwenye makumbusho ya anatomia ya chuo kikuu cha Edinburgh. Hare aliachiwa kwasababu alitoa ushahidi.

Baada ya hapo bunge likatunga sheria ya anatomia ya 1832. Ikamaliza biashara ya makaburi, lakini iliimalizaje? Iliruhusu miili ya waliofia kwenye nyumba za mafukara bila ndugu wa kuidai ipelekwe vyuoni. Yaani jana ilikuwa adhabu ya muuaji, leo imekuwa adhabu ya kukosa hela ya mazishi. Na mkoloni alipokuja na vyuo vya udaktari, Makerere imeanza kufundisha 1924, alikuja na ule utaratibu wake. Uingereza wenyewe walishatoka huko, sheria yao ya 2004 inataka idhini ya maandishi ya mwenyewe.

Na msidhani ni sisi tu tuliobaki nyuma. 2024 Texas kituo kimoja cha chuo kikuu kilisimamisha mpango wake wa miili baada ya waandishi wa habari kugundua kilikuwa kinatumia watu waliokufa ambao ndugu hawakupatikana, na baadhi ya familia zilikuja kujua kupitia waandishi hao hao. Na Juni 2023 meneja wa chumba cha maiti cha Harvard Medical School alishtakiwa kwa kuuza viungo vya miili ambayo watu waliitoa kwa roho safi wasaidie elimu. Kwa hiyo hata pale penye karatasi zote, mtu mmoja mwenye ufunguo na hamna anayehesabu, imekwisha. Ndo maana nakazania hesabu, kila meza ndoo yake yenye namba, kila kinachotolewa kwenye mwili ule kinaingia ndoo ile, hata kama ni mafuta ya chini ya ngozi, hata kipande cha ukubwa wa kucha. Ukikitupa kwenye dastbini ya karatasi umemzika mtu jalalani.

Abu Swafiyya

Assalaam alaykum. Ndugu mleta uzi, umesema vizuri lakini sisi waislamu tuna hadithi inayojulikana kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Binti yangu anasoma udaktari, ananiuliza baba napata dhambi? Nakosa jibu.

Fundi wa Lab

@Abu Swafiyya waalaykum salaam sheikh wangu. Mimi sio mwanachuoni, fatwa nawaachia wenyewe, ila nakwambia kilichoandikwa. Baraza la fiqhi la Rabita, ile jumuiya ya waislamu wa dunia kule Makka, lilikaa 1987 kwa suala hili hili, wakaitaja hadithi hiyo hiyo, wakapima na haja ya watu kutibiwa, wakaruhusu kupasua kwa ajili ya uchunguzi wa jinai, uchunguzi wa maradhi na kufundisha udaktari. Lakini waliweka masharti na masharti ndo matamu: mwili kama ni wa mtu anayejulikana basi awe ameridhia mwenyewe kabla ya kufa au warithi wake waridhie, isizidi kiasi cha haja, mwili wa mwanamke asiupasue asiyekuwa daktari mwanamke ila wakikosekana, na kwa hali yoyote viungo vyote vizikwe.

Ukiyasoma unaona ndo yale yale tunayohangaika nayo kwenye lab, idhini, stara, na kuzika kilicho kamili. Mwambie binti yako anapofunika sehemu asiyoifanyia kazi, na sehemu za siri zikabaki zimefunikwa mpaka siku ya somo lake, hiyo ndo stara yenyewe. Na amalize kwa dua kama moyo wake unataka, mbona wapo wanaofanya, na wakristo wanasali sala yao, wanasimama pamoja dakika moja, hakuna aliyekatazwa.

Fundi wa Lab

Sasa wembe, maana nimeona mtu ameuliza inbox kuhusu kujikata.

Visu vya lab vina mpini na wembe wa kubadilisha. Mnaotumia mpini namba 4 na wembe 22 kwa ngozi ya mgongo sawa, ngozi ile ni nene, lakini mkienda nayo hiyo hiyo usoni mmeshaharibu kila kitu, uso ngozi yake nyembamba na neva ziko hapo hapo chini. Watu wanajikata sehemu mbili, wakati wa kutoa wembe mkuukuu, na wakati mkono wa pili umeshikilia nyama mbele ya njia ya kisu. Wembe hautolewi kwa vidole hata kama umeona mwalimu anafanya, unatolewa kwa koleo la kushikia sindano, ncha inaangalia chini mbali na watu, unaenda moja kwa moja kwenye boksi la njano la vitu vyenye ncha kali. Mkono wa pili unashika kwa fosepsi, kile kikoleo cha kubania nyama. Anakata mmoja kwa wakati, wengine mikono nje. Ukitaka kumpa mwenzako kisu unakiweka kwenye trei anakichukua mwenyewe, hamna kurushiana wala kupeana mkononi. Na wembe butu ni hatari kuliko mkali, maana unakandamiza, ukiteleza unateleza na nguvu zote, hivyo msione aibu kuja kuniomba mwingine.

Ila kwa kweli kazi nyingi ya kupasua haihitaji wembe kabisa. Ukishafungua ngozi, unaingiza mkasi umefungwa, unaufungulia ndani taratibu, nyuzi zinaachana, mshipa na neva vinabaki. Mwanafunzi mwenye papara ndo anakata kata alafu anakuja "fundi neva ya kwetu haipo". Ilikuwepo.

Ukijikata, glovu toa, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usinyonye, usikamue kwa nguvu, toa taarifa hapo hapo. Mwili uliokaa kwenye dawa vizuri miezi mingi hatari ya virusi kama vya ukimwi ni ndogo sana kwasababu formalini inaviua. Lakini wewe hujui dawa ilifika vizuri kila kona au la, na kuna vitu formalini haiviwezi, kama zile protini zinazosababisha ule ugonjwa wa ubongo wa CJD. Kwa hiyo unaenda kliniki unapimwa, daktari ndo anaamua kama unahitaji dawa za kinga, na hizo lazima zianzwe ndani ya masaa 72, mapema zaidi ni bora zaidi. Kinachoniuma ni watoto wanaoficha kidonda kwa kuogopa kugombezwa. Mkufunzi anayemgombeza mwanafunzi aliyejikata anafundisha darasa zima kuficha, hilo nalisema mchana kweupe na walimu wasome.

Na siku ya kufungua fuvu kwa msumeno, vumbi la mfupa linaruka. Siku hiyo barakoa ya N95, ile inayochuja vumbi, miwani, na asiyekuwa na kazi arudi nyuma.

dada_wa_usafi

Mimi nafanya usafi chuo fulani kampuni ya nje, lab hiyo tunaingia wakishatoka. Tunapewa ndoo, jiki na mopa. Kichwa kinauma mpaka usiku. Sikujua kama hiyo harufu ina madhara, tunaambiwa ni harufu ya maiti tu.

Fundi wa Lab

Dada yangu nimesoma hii nikakaa kimya kwanza.

Harufu ya maiti haichomi macho, hiyo ni dawa. Kwanza kabisa acheni kumwaga jiki pale palipomwagika formalini, jiki na formalini haviendani, vikikutana vinatoa hewa mbaya zaidi. Pale panapigwa maji mengi na sabuni ya kawaida baada ya kilichomwagika kukaushwa kwa vitambaa vya kunyonya, vitambaa vinawekwa kwenye mfuko unaofungwa na sio kutupwa na takataka za chakula. Formalini iliyobaki kwenye ndoo haimwagwi kwenye sinki wala mtaroni, teknisheni ndo anaikusanya. Ingieni baada ya madirisha kukaa wazi sio chini ya nusu saa. Glovu za naitraili na mabuti ni haki yenu, mwambieni msimamizi wa lab sio msimamizi wa kampuni peke yake, maana wa kampuni hajui kilichomo. Na kama kuna mwenzenu mjamzito asipangwe chumba kile, huyo apewe ofisi.

Wanafunzi mnaosoma hapa, hii ndo heshima ninayoisema. Mnaweka dakika moja ya kimya kwa marehemu, vizuri, alafu mnaacha sakafu imejaa mafuta na tishu zenye dawa mama wa watu aje aokote kwa mkono mtupu. Haiwezekani. Kila meza iache pake pasafi.

Kijana wa Chang'ombe

Nimekubali kwenye picha mkuu, nimezifuta. Swali, hivi huko kwingine wanafanyaje mpaka watu wanajitolea kwa hiari? Huku ukimwambia mtu atoe mwili wake anaona unamwita mchawi.

Fundi wa Lab

@Kijana wa Chang'ombe safi sana.

Thailand mwili wa kusomea wanauita ajarn yai, yaani mwalimu mkuu, na wanafunzi wanafanya ibada ya kumpa heshima kabla ya kuanza. Taiwan, kule Hualien kwenye chuo cha Tzu Chi, wanafunzi wanaenda nyumbani kwa familia ya marehemu, wanaongea na mjane, na watoto, wanaandika maisha yake, picha yake akiwa hai inawekwa pale pale wanaposomea. Wakimaliza wanashona kila kitu wanamrudisha, wanambeba wenyewe kwenye jeneza, familia ipo. Na huko nako utamaduni wao unataka mtu azikwe mzima, walikuwa na ugumu huu huu wa kwetu, lakini watu walipoona ndugu zao wanavyotunzwa wakaanza kujiandikisha kwa maelfu.

Huku kwetu watu hawakatai kwasababu ni washamba. Wanakataa kwasababu wamesikia, mwanafunzi amerudi likizo amehadithia utani wa lab sebuleni, bibi yupo pale anasikiliza. Kila utani wa namna hiyo unatugharimu mtu ambaye angesaini. Afrika ya Kusini wapo wanaojitolea, vyuo vyao kadhaa vina fomu na ofisi ya kushughulikia, kwa hiyo msiniambie mwafrika hawezi.

mamaJunior

Na mtu akitaka kujitolea aanzie wapi? Mimi nimeguswa, umri umeenda na mwanangu ndo huyo anaenda kusomea.

Fundi wa Lab

Mama Mungu akupe maisha marefu. Anzia idara ya anatomia ya chuo cha udaktari kilicho karibu na unapoishi, nenda ukiwa na akili timamu na mtu wako mmoja, uliza kama wanapokea na masharti yao, maana wengine wanakataa mwili uliofanyiwa uchunguzi wa kifo au wenye magonjwa fulani ya kuambukiza, au ajali iliyoharibu sana. Waulize pia watakaa na mwili muda gani na baada ya hapo wanazika au wanarudisha kwa familia, wakishindwa kukujibu hilo usisaini kwanza. Andika wosia, weka mashahidi, uwe na nakala mbili.

Kubwa kuliko yote waambie watoto na ndugu wa pande zote mbili, shangazi na wajomba, ukiwa mzima, kwenye kikao. Karatasi bila ndugu kujua haina nguvu msibani, atatokea mjomba kutoka kijijini atasema haiwezekani na ataondoka na mwili, na chuo hakitagombana na wafiwa. Na mwachie mmoja wao namba ya simu ya idara, maana kwa joto letu kama hamna friji karibu tunahitaji kuanza kupiga dawa ndani ya siku hiyo hiyo, ikipita hapo hatuwezi kuupokea tena hata tungetaka.